FUNDI AKISEMA 'MIFUKO 15', MWULIZE KAIPATAJE!

Fundi alimwambia mama jamvi la chumba linataka mifuko 15 ya saruji. Bi mkubwa akauza mbuzi, akalipa. Mie nikanyamaza kama bubu, na hesabu za fomu two ninazo!

Sikia, msomaji. Chumba mita 4 kwa 3, unene sentimita 10, yaani 0.1. Zidisha: mita za ujazo 1.2. Zidisha tena kwa 1.54, maana mchanga huingia kwenye matundu ya kokoto, mzigo unasinyaa. Unapata 1.85 hivi. Zege la moja-mbili-nne, saruji ni fungu 1 kati ya 7: kama 0.264. Mfuko wa kilo 50 ni 0.035. Gawanya, saba na nusu, sema 8.

Wiki ileile fundi akapiga plasta kwake.