Moto Utokao Zizini

  Leo yafaa kila mwanafunzi awe na kalamu na daftari, na mwalimu awe na chaki mkononi, maana katika somo letu mna hesabu. Somo lenyewe ni habari za gesi ya samadi, ambayo wengine huiita bayogesi. Tutajifunza gesi hii ni kitu gani, hupatikanaje, na jambo kubwa kuliko yote: je, inafaa nyumbani kwako, au haifai?

Kwanza tuanze na kuni. Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki chakula hupikwa kwa kuni, na watu husema kuni ni za bure. Si kweli. Kuni zina gharama tatu. Gharama ya kwanza ni miguu na shingo ya mwanamke, ambaye huenda porini akarudi na mzigo kichwani. Gharama ya pili ni miti, ambayo ikikatwa kuliko inavyoota, porini huwa mbali zaidi kila mwaka. Gharama ya tatu ni moshi. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu kama milioni 3.2 duniani walikufa mapema kwa sababu ya moshi wa majumbani. Wengi huugua mapafu na moyo, na watoto wadogo walio mgongoni mwa mama zao huuvuta moshi ule ule anaouvuta mama.

Kwa hiyo si ajabu kwamba serikali ya Tanzania, mwaka 2024, ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikakusudia kwamba kufika mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 watumie nishati safi. Gesi ya samadi ni njia moja ya kufika huko, tena ni njia ambayo mkulima mwenye ng'ombe anayo tayari zizini mwake.

Sasa, gesi hii hutokeaje? Ukiweka samadi mbichi na maji mahali pasipoingia hewa, vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho huanza kuila. Vijidudu hivi hupenda giza na joto, wala havitaki hewa. Vikila samadi hutoa gesi. Sehemu kubwa ya gesi hiyo huitwa methani, nayo ndiyo iwakayo moto. Sehemu nyingine ni hewa ya ukaa, ambayo haiwaki. Imo pia gesi kidogo yenye harufu ya mayai yaliyooza. Harufu hiyo ina faida, maana ukiisikia jikoni wajua kwamba gesi inavuja.

Mtambo wenyewe hujengwa chini ya ardhi. Una sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni kisima kidogo cha kuchanganyia samadi na maji. Sehemu ya pili ni chumba cha mviringo, kama chungu kikubwa kilichozikwa, nacho kina paa lililobinuka kama kibuyu kilichokatwa na kufunikwa. Humo ndimo samadi huoza na gesi hukusanyika juu, chini ya paa. Sehemu ya tatu ni tangi la kutokea. Gesi ikiongezeka huisukuma samadi ipande kwenye tangi hilo. Ukifungua bomba jikoni, ile samadi iliyopanda hurudi chini kwa uzito wake, ikaisukuma gesi ije kwenye jiko. Basi hakuna mashine, wala pampu, wala umeme. Uzito wa samadi ndio unaofanya kazi.

Ufundi huu si mgeni kwetu. Katika Kenya mtambo wa gesi ya samadi ulijengwa mwaka 1957 katika shamba la kahawa. Katika Tanzania, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lilianza kujenga mitambo mwaka 1975 kwa mfano wa India. Mitambo ile ilikuwa na pipa la chuma lililoelea juu ya samadi, likipanda na kushuka kwa kadiri ya gesi iliyomo. Lakini chuma ni ghali, tena hushika kutu. Baadaye kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kikisaidiwa na Wajerumani tangu mwaka 1983, kiliendeleza mtambo wa matofali na saruji, usio na chuma cha kuoza. Mwaka 2009 ukaanza mpango wa taifa wa gesi ya samadi chini ya kituo hicho, na maelfu ya mitambo ikajengwa.

Sasa chukueni kalamu. Tufanye hesabu ya nyumba moja.

Nyumba hiyo ina ng'ombe wawili wa maziwa, nao hufungwa bandani mchana na usiku. Kila ng'ombe hutoa samadi ya kilo 15 kwa siku, au zaidi. Andikeni: 15 mara 2 ni 30. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa gesi ya lita 40 hivi. Basi 30 mara 40 ni lita 1,200 za gesi kwa siku. Jiko moja la gesi hula lita kama 300 kwa saa. Gawanyeni 1,200 kwa 300. Mmepata ngapi? Mmepata 4. Nyumba hiyo yaweza kupika kwa muda wa saa 4 kila siku. Chai ya asubuhi, ugali wa mchana na chakula cha jioni hupatikana bila kijiti cha kuni. Maharagwe makavu hula gesi nyingi, lakini yakilowekwa tangu usiku huiva upesi.

Sasa hesabu ya maji. Kila kilo moja ya samadi yataka lita moja ya maji. Samadi ni kilo 30, basi maji ni lita 30 kila siku, zaidi ya yale ya kunywa, ya kufulia na ya kunywesha mifugo. Mkojo wa ng'ombe ukikusanywa waweza kushika nafasi ya sehemu ya maji hayo.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa la leo. Kama kisima kiko uani, lita 30 si kitu. Lakini kama maji yako mwendo wa saa nzima, mama ametua mzigo wa kuni akajitwika ndoo. Hajapumzika, amebadilishiwa mzigo.

Tena, fikirini ng'ombe wanaochungwa. Hao hutoa samadi nyingi malishoni, nayo hubaki huko. Ya usiku tu ndiyo ipatikanayo zizini. Ikiwa mtu ana ng'ombe 4 wa kuchungwa, huenda akapata samadi sawa na ya ng'ombe 2 waliofungwa bandani. Asihesabu mikia, ahesabu ndoo. Kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji, mtu na apime samadi yake kwa siku 7, aandike kilo za kila siku, ajumlishe, kisha agawanye kwa 7. Hiyo ndiyo faida ya kujua kusoma na kuandika: hakuna atakayekuuzia mtambo mkubwa kuliko zizi lako.

Mambo gani huharibu mtambo? Tutataja manne. La kwanza ni ufa. Paa likiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, gesi hutoroka. Kwa hiyo kazi hii si ya kila fundi mwashi. Mtafute aliyefundishwa kujenga mitambo ya gesi, mkaandikiane mapatano, na ndani yake iwemo ahadi ya kurudi kutengeneza ikiwa gesi inavuja. La pili ni mchanga na majani marefu, ambayo huziba. La tatu ni sabuni na dawa za kuulia wadudu, kwa sababu huua vijidudu vyetu. Hata samadi ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya dawa kali isitiwe kwa siku kadhaa. La nne ni uvivu. Mtambo ni kama ng'ombe: usipoulisha kila siku hautoi kitu. Mitambo mingine imekufa si kwa ubovu, bali kwa sababu ng'ombe waliuzwa, au aliyekuwa akiulisha alihama na hakuna aliyeshika zamu yake.

Mtambo mpya hujazwa samadi nyingi kwa mara ya kwanza, kisha hungojwa kwa majuma kadhaa. Gesi ya kwanza mara nyingi haiwaki, maana imechanganyika na hewa. Iacheni itoke nje, mbali na moto. Na katika sehemu za milimani zenye baridi, vijidudu hufanya kazi polepole, kwa hiyo gesi hupungua.

Sikieni na sheria za usalama. Washa kibiriti kwanza, ndipo ufungue gesi. Ukisikia harufu, funga bomba, fungua madirisha, wala usiwashe moto. Ukitaka kujua bomba linavuja wapi, lipake povu la sabuni. Povu likitoa mapovu mapya, hapo ndipo panapovuja. Usitafute kwa kibiriti hata siku moja. Tena mtu asiingie ndani ya mtambo kusafisha, hata ukionekana mtupu. Hewa ya humo huua, na aingiaye kumwokoa mwenzake hufa pamoja naye. Aitwe fundi.

Bado kuna faida moja ambayo wengi huisahau. Samadi iliyokwisha kutoa gesi haijapoteza rutuba yake. Ile naitrojeni ipendwayo na mimea imo bado. Itieni kwenye migomba, mboga na majani ya malisho, nayo majani yatarudi kwa ng'ombe. Lakini ifunikwe au iwekwe kivulini, maana jua kali huipunguzia nguvu. Wako wakulima wasemao kwamba mbolea hii huwafaa kuliko hata moto wenyewe.

Mwisho, ndugu zangu, nataka kusema neno juu ya mashauri ya nyumbani. Katika nyumba nyingi baba ndiye mwenye fedha, na mama ndiye mwenye moshi. Baba akitoka na fedha za maziwa, haoni upesi kwa nini azizike ardhini kwa saruji na mabomba, maana si yeye anayekohoa jikoni. Basi waketi pamoja. Waandike karatasini, upande mmoja gharama: matofali, saruji, kokoto, mabomba, jiko, ujira wa fundi. Kuchimba shimo na kukusanya mchanga waweza kufanya wenyewe. Upande wa pili waandike saa ambazo mama na watoto hutumia kutafuta kuni kwa juma, fedha za mkaa, na fedha za mbolea ya dukani. Kisha waamue, pamoja na nani atachanganya samadi asubuhi. Kazi hiyo isiangukie tena kichwani pa yule yule aliyekuwa akibeba kuni.

Na aonaye kwamba maji ni haba au ng'ombe hawatoshi, asione haya. Jiko bora la kuni lenye bomba la kutolea moshi, na miti iliyopandwa mipakani mwa shamba, vyaweza kumfaa zaidi kwa sasa.

Sasa mwalimu na awaongoze katika maswali haya:

1. Kwa nini twasema kuni si za bure?
2. Nyumba ina samadi ya kilo 45 kwa siku. Itapata lita ngapi za gesi? Itapika kwa saa ngapi? Itahitaji maji lita ngapi?
3. Katika kijiji chenu, ni nyumba za namna gani zifaazo kujenga mtambo, na zipi hazifai? Toeni sababu.
4. Andika barua fupi kwa bwana au bibi mifugo wa kata yenu, ukimwomba aje kueleza habari za fundi na ukubwa wa mtambo.

Majibu ya swali la pili ni lita 1,800 za gesi, saa 6, na lita 30 na 15 za maji, yaani 45. Aliyekosa asikate tamaa, arudie kwa utaratibu.