Nyumba Ambayo Mwenyewe Yuko Ghaibu

Askari anapoondoka na kikosi chake kwenda kulinda amani ng'ambo, ama Darfur kama ilivyokuwa zamani, ama Lubnani, ama Kivu ya Kaskazini ambako wanajeshi wa Tanzania walitumwa pamoja na wenzao wa Malawi na Afrika ya Kusini kwa azimio nambari 2098 la Baraza la Usalama la mwaka 2013, watu huuliza sana habari za yule aliyekwenda, na ni wachache wanaokumbuka kuuliza habari za nyumba aliyoiacha nyuma. Nyumba hiyo nayo ina mashaka yake, na katika kazi yangu ya kushauri familia nimeona kuwa mengi ya mashaka hayo hayatokani na umbali.

Elimu ya mambo ya familia ilianza kulichungua jambo hili kwa makini baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1949 mwanachuoni wa Marekani, Reuben Hill, alitoa kitabu juu ya familia 135 za jimbo la Iowa ambazo baba zao walichukuliwa na vita kisha wakarejea, akataka kujua kwa nini taabu ile ile huivunja nyumba moja na kuiacha nyingine salama. Akajibu kwamba hayo hutegemea tukio lenyewe, na nguvu ambazo nyumba inazo, kama vile fedha, afya na jamaa wa kusaidiana, na hatimaye tafsiri ambayo watu wa nyumba hulipa tukio hilo. Hili la mwisho ndilo tunalolidharau. Wake wawili wanaopokea masurufu sawasawa, mmoja akisema moyoni kuwa mumewe yuko kazini na mwingine akisema kuwa ametuacha, hawalali usingizi mmoja.

Katika miaka ya 1970 Pauline Boss, naye wa Marekani, alichunguza jamaa za marubani waliopotea katika vita vya Vietnam, akaeleza aina ya hasara isiyo na mpaka, ambayo mtu hayupo kwa mwili lakini yupo katika kila shauri la nyumbani. Askari aliye safarini hakupotea, alhamdulillahi. Walakini nyumba yake huonja sehemu ya hali hiyo. Ikiwa nafasi yake itaachwa wazi kabisa, mambo husimama yakimngoja, na ikiwa itajazwa kabisa, atakaporudi atajiona mgeni. Rai yangu ni kwamba kazi zake zigawiwe watu waziwazi, na cheo chake cha uzazi na unyumba kibaki kwake bila ya kushikwa na yeyote.

Mgawanyo huo hufanywa kabla ya safari, na hapa pana jambo linalowaaibisha wengi bila sababu. Kathleen Vestal Logan, mke wa afisa wa jeshi la maji la Marekani, alieleza mwaka 1987 jinsi wiki za mwisho kabla ya kuagana zinavyojaa ugomvi na ubaridi, maana nafsi huona wepesi kumwacha mtu uliyemkasirikia kuliko kumwacha mtu unayemtamani. Kwa hiyo mume na mke waliogombana juu ya gunia la mkaa siku ya kufunga mabegi wasidhani kuwa mahaba yamekwisha.

Shauri la fedha ndilo linaloleta fitina kuliko yote. Aghalabu mume huondoka akiwa ametoa kauli moja tu, kwamba kaka au mdogo wake atawaangalia. Nayo ni kauli ya heshima, ila haina mipaka. Mwezi wa tatu shemeji huja jioni, akavua viatu mlangoni, akanywa chai, akasifu watoto walivyokua, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, ile posho ya kaka imeshaingia?" Mke hajui kama anaulizwa ili asaidiwe au anaulizwa ili ahesabiwe, na shemeji mwenyewe, tuseme kweli, huenda naye hajui. Dawa yake ni wote watatu kukaa pamoja mapema, ikatajwa ni nani atakayeshika kadi ya benki, wazazi watapelekewa kiasi gani kila mwezi, ada ya shule italipwa kutoka wapi, na ni nani mwenye kauli mtoto akiugua usiku wa manane. Mambo hayo yaandikwe. Yakihusu shamba au kiwanja, iandikwe hati ya uwakala mbele ya mwanasheria, kwani idhini iliyotolewa kwa simu haina nguvu mbele ya karani. Na pale aliyesafiri ni mke, kwa kuwa wanawake nao wamo vikosini, mume aliyebaki hukuta jamaa wakimhurumia kama mjane na kumletea dada zake waje kupika. Huruma hiyo aipokee kwa adabu, na jiko alishike mwenyewe.

Simu imepunguza upweke na kuongeza fazaa. Mji wa Beni, huko Kivu ya Kaskazini, uko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja, na baba anayepiga saa tatu ya usiku wa huko hukuta saa nne hapa na mtoto amekwishalala. Afadhali kuchagua saa maalumu kuliko kulaumiana. Katika mazungumzo, msafiri aambiwe yale anayoweza kuyatolea shauri, na yale asiyoweza aambiwe yakiisha kutengenezwa.

Simu isipopatikana, hapo ndipo subira hutahiniwa. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Watanzania iliyokuwa Semuliki, Kivu ya Kaskazini, ilishambuliwa na walinda amani wasiopungua 14 wakauawa, na tangu hapo kila siku ya ukimya huzaa khofu majumbani. Ni vema ijulikane kuwa baada ya shambulio mawasiliano huweza kukatika au kuzuiwa, na kwamba desturi ni jamaa wa karibu kuarifiwa na jeshi lao kabla majina hayajatangazwa. Picha zinazozunguka katika makundi ya WhatsApp si taarifa. Aghalabu hata si za mahali hapo. Familia iwe na nambari ya mtu mmoja kikosini, na mtu mmoja wa nyumbani wa kumpigia, wengine wangoje kwake.

Watoto waambiwe kweli iliyo fupi: baba yuko mbali, anafanya kazi ya ulinzi, atarudi mwezi fulani akijaaliwa. Mtoto aliyeambiwa kuwa baba yuko Dodoma atakuja kusikia habari za Kongo kwa mtoto wa jirani.

Kurudi nako kuna taabu zake, wala wengi hawazitarajii. Mwenyewe hukuta mtoto wa mwisho analala kitandani kwa mama, duka limehamishwa, na mke ameshazoea kukata shauri. Akianza kuamuru siku ya pili, nyumba hugoma. Avumilie wiki kadhaa akitazama, na mke amrudishie kazi zake moja baada ya moja. Usingizi wake huenda ukawa wa mashaka, akashtuka mlango ukibamizwa. Mwanzoni hali hiyo si maradhi, na kumwamsha kunatosha kumwita jina ukiwa umesimama mbali, bila kumgusa. Ikipita mwezi na haijapungua, au akianza kunywa ili apate kulala, apelekwe hospitali, ya jeshi au ya raia, yenye matabibu wa maradhi ya akili. Mkono wake ukiwa mwepesi kwa mke au watoto, mwezi usingojwe hata kidogo. Na kwa tabibu mke aende naye, kwa kuwa yale ambayo tabibu ataulizia sana hutokea usiku, na askari mwenyewe asubuhi huwa hayakumbuki.