Shilingi ya Matibabu, na Wakati wa Kuitoa

Msomaji aliyepata kukaa Nairobi aijua Kibera, mtaa ulioanza mapema katika karne ya 20, askari Wanubi walipokaa katika ardhi iliyokuwa msitu. Miongoni mwa vijiji vyake kimo kiitwacho Soweto Mashariki, ambako mwaka 2009 Serikali ilianza kuwahamisha watu ili zijengwe nyumba za ghorofa mahali pa mabanda. Wakazi wa huko, sawasawa na wenzao wa Kawangware, wengi ni vibarua, mafundi na wachuuzi, watu waipatao riziki yao siku kwa siku. Nataka tuitazame habari ya gharama za matibabu kwa macho yao, kwa sababu taratibu nyingi za malipo zimetungwa kwa kumfikiria mtu wa mshahara.

Wazee watakumbuka kwamba mwaka 1965 Serikali ya Kenya iliondoa ada ya shilingi 5 waliyokuwa wakitozwa wagonjwa wa nje. Watu wakaongezeka, zahanati zikaongezeka, na hazina ikaelemewa. Basi mwezi wa Desemba 1989, kwa mashauri ya wakopeshaji wa ng'ambo, wagonjwa wakaanza kutozwa tena, jambo likaitwa kuchangia gharama. Ada haikuwa kubwa, na hapakuwa na ubaya kudhani kwamba mtu atatoa fedha kidogo ili apone.

Lakini tazameni yaliyotokea katika zahanati moja ya magonjwa ya zinaa mjini Nairobi. Wataalamu walihesabu wagonjwa, na hesabu yao ikachapishwa mwaka 1992 katika jarida la Lancet la Uingereza. Kwa muda wa miezi 9 ya ada, mahali walipokuwa wakija wanaume 100 walikuja 40 tu, na mahali pa wanawake 100 wakaja 65. Ada ya wagonjwa wa nje ilipositishwa mwaka 1990, wanawake walirudi wakapita hesabu ya kwanza, wakafika 122. Wanaume waliishia 64. Kumbe mlango uliofungwa kwa fedha kidogo haufunguki wote kwa kuziondoa fedha hizo! Na maradhi ya namna hiyo, kama tujuavyo, hayamkai mtu peke yake, huyapeleka nyumbani.

Ada zilirudishwa baadaye. Mwaka 2004 zikapunguzwa, zikawa shilingi 10 katika zahanati na 20 katika kituo cha afya, na mwaka 2013 zikafutwa kabisa huko, pamoja na malipo ya kujifungua katika hospitali za Serikali.

Huduma nazo zilipanuka. Madaktari Wasio na Mipaka, waliofanya kazi Kibera kwa miaka 20 hivi, walifungua Kituo cha Afya cha Kibera South mwaka 2014, wakakikabidhi kwa Kaunti ya Nairobi mwaka 2017. Ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo sisi makarani tuandikao vitabu vya hesabu twajua kwamba nyumba hujengwa mara moja, bali muuguzi hulipwa kila mwezi, na dawa huisha kila wiki. Dawa ikikosekana kabatini, mgonjwa hupewa karatasi akanunue dukani, na hapo neno bure hubaki ukutani.

Sasa tunao utaratibu mpya. Bima ya zamani, NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, iliondolewa, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake inafanywa na SHA, kwa Sheria ya mwaka 2023. Mwenye mshahara hukatwa shilingi 2.75 katika kila shilingi 100. Karani wa shilingi 20,000 aliyekuwa akikatwa 750 hukatwa 550. Mkubwa wake wa 100,000 aliyekuwa akitoa 1,700 hutoa 2,750. Mimi naona ni haki, ingawa najua wakubwa fulani hawatanipenda kwa kusema hivyo.

Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Ila sheria ilimtaka autoe wa mwaka mzima kwa mara moja, yaani 3,600. Mkulima wa kahawa au chai aweza kuzitenga siku ya malipo ya mavuno, na karani hukatwa hata kabla hajazishika. Lakini mama auzaye sukuma wiki Soweto hana siku ya mavuno wala mwisho wa mwezi. Shilingi 3,600 zikiwa mkononi mwake, zina kodi ya nyumba na karo. Mtoto akishikwa na homa usiku ndipo hutafuta fedha, nazo hupatikana kwa mkopo.

Zigawanyeni shilingi hizo kwa siku za mwaka, mtaona ni karibu shilingi 10 kwa siku, ndiyo ada ileile ya zahanati ya mwaka 2004. Serikali yenyewe iliitambua shida hii, na mwaka 2025 ikaleta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kutoa mchango kwa mafungu madogo. Akina mama wa Kibera na Kawangware wamezoea vyama vyao vya kuchangiana, ambamo mweka hazina huzunguka na daftari jioni akikusanya fedha. Sioni kwa nini zile shilingi 10 zisiandikwe katika daftari hilohilo.