Je, wajua? Kiporo cha majina huokoa mtandao

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika kwenye pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku kama hizo hata printa iliyo hatua tatu kutoka mezani huweza kuandikiwa "haipatikani", ingawa ni nzima na waya wake haujaguswa. Iliyopotea ni namba yake.

Kompyuta hutafutana kwa namba. Majina ni kwa ajili yetu binadamu. Zamani majina yote yalikaa kwenye faili moja huko California, hadi Paul Mockapetris alipobuni DNS, mfumo wa kutafuta namba ya kila jina, mwaka 1983 na daftari hilo la majina likagawanywa kwa seva nyingi duniani. Kila jibu la DNS huja na muda wake, pengine sekunde 300, pengine siku nzima. Muda ukiisha, jibu hutupwa na swali huulizwa upya. Basi ofisi inayouliza kila jina kwa seva ya ng'ambo hubaki bubu mkongo ukikatika.

Dawa yake ni seva ndogo ya majina humo humo ndani. Kompyuta ndogo moja ya Raspberry Pi yenye programu ya Unbound inatosha. Majina ya printa na kompyuta za ofisini huandikwa humo, nayo huyajibu bila kumuuliza mtu wa nje.

Kwa majina ya nje, seva hiyo hula kiporo. Mwaka 2020 wahandisi wa intaneti walitoa waraka RFC 8767 unaoruhusu jibu lililopitwa na muda litumike pale seva inayomiliki jina isipopatikana, wakapendekeza kikomo cha siku moja hadi tatu. Faida yake kwetu ni kubwa. Tovuti inaweza kuwa imehifadhiwa Dar es Salaam, njia ya kuifikia ikiwa wazi, lakini seva ya jina lake ikawa Ulaya. Bila kiporo, jirani huyo hafikiki.

Kiporo huweza kuchacha: mwenye tovuti akihama, utapelekwa kwenye nyumba ya zamani. Naona bado ni heri kuliko kukosa kabisa. Ila katika Unbound huduma hii ya kiporo huja ikiwa imezimwa. Lazima uiwashe mwenyewe.

Leo jioni, kazi zikiisha, chomoa waya wa intaneti kwenye ruta, kisha jaribu kuchapa ukurasa mmoja kwa jina la printa.