KAMERA ISIYO NA MGONGO

Hapa Mutuka tumezoea kuishi na watu wa makabila mengi: Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wambugwe na wengineo. Ukitaka kujua mwenzio anaishije, unakwenda kwao na kupiga hodi. Lakini walio mbali tutawafikiaje? Siku hizi ipo video ya pande zote, yaani ya nyuzi 360, na wanafunzi wametuuliza inafanyaje kazi.

Kamera yake huwa na lenzi mbili au zaidi. Zikiwa mbili, hupeana mgongo, na kila moja huona zaidi kidogo ya nusu ya mazingira. Kisha programu huziunganisha picha zikawa kama mpira, mtazamaji akiwa katikati. Akivaa miwani maalumu na kugeuza kichwa, picha nayo hugeuka, akaona hata kilicho nyuma yake.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulionyesha filamu ya namna hiyo, Clouds Over Sidra, huko Davos, Uswisi, mbele ya wakubwa wa dunia. Inamhusu binti wa Kisyria wa miaka 12 katika kambi ya wakimbizi ya Zaatari, Jordan. Mtazamaji huketi nyumbani kwake na darasani mwake. Ni jambo jema, ila ndugu msomaji angalia: wakubwa walimwona Sidra, Sidra hakuwaona wao. Huko ni kutembelewa, bado si kutembeleana.

Zanzibar walipiga hatua nyingine. Mwaka 2019 mitaa na fukwe za Unguja zilionekana kwa nyuzi 360 kwenye ramani za Google. Hizo ni picha za mnato, si video, lakini wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walifunzwa kuzipiga wenyewe.

Sasa tatizo. Kamera ya kawaida huelekezwa. Hii haina mgongo. Humnasa mama anayefua uani bila mtandio na mgonjwa aliyelala barazani. Suratun Nur, aya ya 27, inatufunza kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu, na kwa maoni yetu kuiingiza kamera hii ni kuingia. Kwa hiyo idhini ya mwenye nyumba peke yake haitoshi. Aulizwe kila aliyepo.

Ikitokea shule ya ng'ambo kutaka kubadilishana nasi video hizi, tutaomba mambo mawili: kamera ya hapa washike wanafunzi wetu, na wao watuonyeshe jikoni kwao.