Wapiga picha wanapocheka kamera ya fahari

Wapiga picha wana kisa wanachopenda kusimuliana popote walipo. Mmoja wao kaalikwa chakula cha jioni, na mwenye nyumba anamsifu: picha zako nzuri, bila shaka una kamera ya bei mbaya. Mgeni anakula, anashiba, anashukuru, kisha naye anasifu: chakula kitamu, bila shaka una sufuria ya bei mbaya. Wengi hukichukulia kisa hiki kuwa kijembe cha mafundi kwa wenye fedha. Mimi nakiona kuwa hukumu ya kitaalamu, na mtu yeyote anaweza kuipima kwa kazi na kwa hesabu. Pa kuipimia ni mahali kama Ipole, wilayani Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, kwenye misitu ya miombo, wanyamapori wa eneo la hifadhi ya jamii na warina asali. Hapo kuna kazi ya mbali ya mchana na kazi ya karibu ya usiku, na zote mbili humuumbua mtu aliyenunua jina badala ya chombo.

Kamera inayotaniwa kuliko zote ni Leica ya Ujerumani. Ilipoingia sokoni mwaka 1925 ilikuwa ndogo ya kutosha kutiwa mfukoni, wakati wapiga picha wengi wakihangaika na masanduku na vioo vilivyotumika badala ya mkanda, kwa hiyo heshima yake iliipata kwa haki. Leo bei imepanda mno. Modeli ya M11, iliyotoka mwaka 2022, ilianza kuuzwa kwa karibu dola 9,000 za Marekani, tena bodi tupu bila lenzi. Ndipo mafundi husema kwamba wateja wake ni mawakili na madaktari wa meno, na kwamba mwanga mwingi inaouona ni wa taa ya kabatini. Mzaha mwingine, wa enzi ya mkanda, una elimu zaidi: mwenye Leica anaweza kumaliza mkanda mzima na kifuniko kikiwa bado kwenye lenzi. Jambo hilo linawezekana kabisa. Katika kamera za aina hiyo jicho halitazami kupitia lenzi, bali kupitia kidirisha kilicho pembeni yake, hivyo mpiga picha anaona kila kitu vizuri ilhali mkanda haupati hata chembe ya mwanga. Anayecheka hapo anajua kamera hiyo inavyofanya kazi.

Sasa tuipeleke porini. Palahala amesimama mita 100 kutoka barabarani, na mwili wake una urefu wa takriban mita 2. Lenzi ndefu ya kawaida ya Leica za aina ya M ni ya milimita 135. Kwa umbali huo inachukua upana wa karibu mita 27, na mnyama anabaki doa dogo katikati ya miti. Lenzi ya milimita 500, hata ikifungwa kwenye bodi ya bei ya kati, inachukua upana wa mita 7 tu, na palahala anajaza zaidi ya robo ya upana wa picha. Usiku ukiingia, mrina asali anapanda mtini na moshi wake, kwa sababu nyuki huwa wapole zaidi gizani. Hapa sensa kubwa, yaani kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, inasaidia kweli, nakubali bila kusita. Lakini sensa ya M11 ina ukubwa wa milimita 36 kwa 24, sawa na ile ya Canon 6D au Nikon D750, ambazo leo hupatikana kwa mtumba. Isitoshe, lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, moja ya lenzi nafuu kabisa, hupitisha mwanga karibu mara 10 ya ule wa lenzi ya kawaida iliyofungwa kwenye f/5.6. Uso wa mrina unaonekana kwa sababu ya tundu hilo, na nembo ya kampuni haiongezi mwanga wowote.

Wapo watakaosema huu ni wivu, sizitaki mbichi hizi. Ingekuwa hivyo, mafundi wangecheka kila kilicho ghali, na hawafanyi hivyo: lenzi ndefu za wapiga picha wa wanyama hugharimu fedha nyingi na hakuna anayezicheka. Mwaka 2012 kampuni ya Hasselblad, ambayo kamera zake zilifika mwezini, ilitangaza kamera iitwayo Lunar. Ndani yake ilikuwa Sony NEX-7, na nje iliongezewa mishikio ya mbao, ngozi na vitu vya aina hiyo, ikapangiwa bei ya takriban euro 5,000, mara kadhaa ya bei ya Sony yenyewe. Wapiga picha waliicheka bila huruma, na haikudumu sokoni. Walichokicheka ni bei isiyo na kazi nyuma yake. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson, ambaye Leica ilikuwa mkono wake wa kulia, aliifunika kwa utepe mweusi sehemu zake zinazong'aa ili watu wasiione. Bwana huyo aliipenda kamera yake kuliko wengi, na bado hakutaka ionekane.

Njia ya misafara ya Tabora ina ushahidi wake. Mwaka 1860 mpelelezi James Grant, mwenzake John Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha Zanzibar kwa kamera ya vioo, kisha wakaondoka nayo kuelekea bara. Kioo cha wakati ule kilipakwa dawa ndani ya hema dogo la giza, kikapigwa nje, kisha kikasafishwa humo humo kikiwa bado kibichi. Speke aliandika kwamba joto la hema hilo lingemuua Grant, akairudisha kamera pwani. Walifika Kazeh, Tabora ya leo, mwanzoni mwa 1861 bila kamera, na michoro ya Grant ndiyo iliyopamba kwa wingi kitabu cha Speke cha mwaka 1863. Chombo cha kisasa hakikuifaa safari, na penseli ikaifaa.

Pingamizi moja lina uzito: wateja wa harusi humwamini mwenye kamera kubwa, na kijana anayeanza hawezi kupuuza macho ya wateja. Ni kweli, na kijana huyo asichekwe. Yeye anatafuta riziki. Ushauri wangu kwake ni huu: nunua bodi ya mtumba iliyo nzima, weka fedha nyingi kwenye lenzi na flashi, na ukihitaji kamera kubwa kwa sherehe moja, kodi kwa siku hiyo. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji ni fundi gani wa karibu anayeweza kuitengeneza.