Kompyuta ya Injini Haitengenezwi kwa Kubahatisha

Msimu wa korosho unapowadia, magari hayapumziki katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Hutoka maghalani yakaingia vijijini, yakarudi na mizigo, na kila safari katika barabara za udongo huacha nyuma wingu la vumbi jekundu. Vumbi hilo haliishii nguoni mwa abiria. Huingia pia katika mapito ya hewa ya injini, na siku hizi limepata njia mpya ya kumletea mwenye gari hasara: kuidanganya kompyuta ya injini.

Zamani fundi aliirekebisha kabureta kwa bisibisi na sikio lake. Alikaza, akalegeza, akasikiliza, na kosa lake lilisahihishwa kwa nusu mzunguko wa skrubu. Magari mengi yaingiayo nchini leo hayana kabureta. Kisanduku kidogo chenye kompyuta ndicho kinachoamua petroli kiasi gani inyunyizwe na cheche iwake wakati gani. Kwa kawaida kompyuta hiyo hutafuta uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Nayo haina macho. Hutegemea sensa zinazopima hewa, joto na moshi, kisha kuileta habari kwa njia ya umeme mdogo, mara nyingi usiozidi volti 5. Kompyuta ni hakimu. Sensa ni mashahidi.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Taa ya injini ikiwaka, mwenye gari hununua kifaa kidogo cha bei nafuu, akakichomeka chini ya usukani na kukiunganisha na simu yake. Hupata namba, kwa mfano P0171. Namba hiyo husema tu kwamba petroli imekuwa chache kuliko hewa. Haisemi kwa nini. Huenda mpira wa hewa umepasuka, chujio la petroli limeziba, au vumbi limeganda juu ya sensa ya hewa hata ikapima pungufu. Badala ya kutafuta chanzo, wapo wanaofuta namba ili taa izimike. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Wapo pia wanaokwenda mbali zaidi. Hupata programu mtandaoni na kuyabadili maagizo yenyewe ya kompyuta, ili gari liwe na nguvu zaidi au lipunguze matumizi ya mafuta. Kazi hiyo si haramu, na duniani wapo mafundi waliobobea ndani yake. Lakini mtu akiongeza petroli kwa sababu sensa chafu imetoa ushahidi wa uongo, amemhukumu asiye na kosa. Sensa ikisafishwa baadaye, petroli itazidi, itaosha mafuta ya kulainisha kutoka kuta za silinda, na vyuma vitasagana. Akiwahisha cheche kupita kiasi, petroli hulipuka kwa kishindo na pistoni zaweza kutoboka. Na betri ikiishiwa nguvu wakati maagizo mapya yanaandikwa, kompyuta yaweza kufa papo hapo, na gari likabaki uani kama banda la kuku.

Ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia wasidhani kuwa jambo hili ni la watu wa bara peke yao. Kule adui si vumbi tu, bali pia hewa ya chumvi. Chumvi hula vichwa vya nyaya, kutu ndogo ikapunguza umeme wa sensa, na kompyuta ikasadiki kwamba injini ni baridi ilhali inachemka. Mahali ni tofauti; udanganyifu ni ule ule.

Shida nyingine ni ya elimu. Marekani iliamuru magari mapya madogo yauzwayo huko kuanzia yale ya mwaka 1996 yawe na tundu la aina moja la kusomea makosa ya injini. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayakufungwa na amri hiyo, na mengi ya zamani hayajibu vifaa vya kawaida. Vitabu vyake vimeandikwa kwa Kijapani au Kiingereza. Fundi hodari wa Nachingwea hubahatisha si kwa sababu ya uvivu, bali kwa kuwa maarifa yamefungiwa mahali asipofika.

Nachingwea inalo somo la kale juu ya jambo hili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta, mengine yakiwa yamegeuzwa kutoka vifaru vya vita, na reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mitambo iliharibika, vipuri vikakosekana, mafundi wenye ujuzi wakawa wachache, na udongo na mvua havikuwa vimechunguzwa ipasavyo. Januari 1951 mradi ulitangazwa kuachwa. Mitambo ilitangulia, maarifa yakachelewa.

Tunawaomba wahusika wasiyarudie hayo kwa magari ya wananchi. VETA iliyoanzishwa mwaka 1994, na SIDO iliyoanzishwa mwaka 1973, ni vyombo vinavyofaa kuwafikishia mafundi wa wilayani mashine kamili za kupimia pamoja na mafunzo mafupi ya jioni. BAKITA nayo ishirikiane na mafundi kutoa kijitabu cha Kiswahili chenye namba za makosa na maana zake. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na gari la wagonjwa lililokwama njiani.

Kwa upande wake, mwenye gari na afuate utaratibu huu: namba isomwe na kuandikwa kabla ya kufutwa; chujio, mipira, nyaya na sensa vikaguliwe; nakala ya maagizo ya awali ihifadhiwe; na kompyuta iguswe mwisho, na mtu anayejua. Kuuliza si ujinga. Hakimu asilaumiwe kabla mashahidi hawajahojiwa.